Siku Niliyomtaja Mama Mkwe kwa Sauti

Juzi nilimwona dereva mmoja wa pikipiki, karibu na soko, amekalia karte yake ya kura, kile kitambulisho cha kupigia kura chenye picha. Amekalia kabisa, kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, hata imepinda. Nikamwambia, "Weye, unakalia sura yako mwenyewe?" Akacheka. "Papa Kalenga, ikikatika nitafanyisha ingine." Ingine! Alisema kama mtu anayeagiza andazi la pili. Nilifika nyumbani sina hata hamu ya kula, na mke wangu aliponiuliza nina nini, nikamwambia niletee daftari na kalamu.

Basi haya ni yenu, nyie vijana mnaokalia karte. Nilikuwa karani wa biro ya wakaaji, yaani ofisi ya kuandikisha wakazi, kwenye komini moja hapa Likasi, na kazi yangu ilikuwa kuwatafutia watu majina yao. Msinicheke, ilikuwa hivyo hivyo. Mtu anaingia amepoteza karatasi zote, anatoka na karatasi moja inayosema yeye ni nani, alizaliwa wapi, na kwamba serikali inajua amepoteza. Tuliiita atesta. Nitawaandikia Kiswahili cha kitabu, maana nilisoma Mulungwishi na sitaki kuwaaibisha walimu wangu. Lakini watu wakisema, nitaacha midomo yao kama ilivyokuwa.

Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa kinakatika. Kazi za migodi zilisimama, gari moshi lilikuja siku lilipopenda, na watu walikuwa wamehama, wamerudi, wameporwa, wamekimbia na godoro kichwani wakaacha sanduku la karatasi uvunguni. Halafu redio ikaanza kusema: jitayarisheni, kura inakuja. Tena kura ya kweli, si ile ya zamani ya karata mbili, ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, ambayo ile nyekundu uliiulizia mara moja tu maishani. Safari hii kutakuwa na majina mengi, na mtu atachagua. Lakini asiye na kitambulisho hataandikwa, na asiyeandikwa atabaki nyumbani anachambua mchicha.

Mawee! Siku ya pili yake foleni ilitoka mlangoni ikazunguka komini. Kulikuwa na aliyeliwa kitambulisho na mchwa, aliyekifua pamoja na shati, aliyekiweka rehani kwa muuza lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, akasahau ni muuzaji gani. Mama mmoja alileta mbuzi wake kama ushahidi. Alisema kitambulisho kiko ndani, tukitaka tungoje.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Banza, mkubwa wa biro yetu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Papa Banza hakuwahi kupandisha sauti, na ndiyo maana tulimwogopa. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Kalenga, muulize mtu namna karatasi ilivyopotea, halafu nyamaza." Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwongo atakuambia kwa ufupi: imepotea sokoni, basi. Lakini aliyepoteza kweli hamalizi. Ataanzia asubuhi, atakuambia alikula nini, mvua ilianzia upande gani, shemeji yake alimwambia nini mlangoni, na mwishoni atakulaumu wewe. Nimefanya kazi miaka mingi na sijaona njia bora kuliko hiyo.

Neno la pili lilikuwa la mashahidi. Kila atesta ilitaka mashahidi wawili, na Papa Banza aliweka masharti yake, hakubanduka hapo. Mtoto hashuhudii mzazi wake, wala mzazi mtoto. Aliyeandika karatasi hashuhudii karatasi aliyoiandika. Na shahidi lazima amtaje mtu jina lake kamili, yeye mwenyewe, bila kunong'onezwa, mwenye jina akiwa anasikia. Nilidhani ni ukali wa bure. Baadaye nikagundua kulikuwa na mabwana wawili wanaokaa nje ya ukuta wa komini kutwa nzima, wanamjua kila mtu tangu utoto kwa ujira wa kikombe cha karanga. Siku moja walimshuhudia padri wa Kizungu kwamba waliogelea naye mtoni wakiwa wadogo.

Sasa niwaambie tuliandika kwa kitu gani, maana hili hamtalipata shuleni. Utepe wa mashini ya kupigia chapa ulikuwa umekauka, na wa kununua haukuwepo hata Lubumbashi. Papa Banza akatufundisha: weka karatasi nyeupe juu, kaboni katikati, karatasi nyingine chini, halafu piga. Herufi haziachi wino juu, lakini kaboni inazishusha chini. Ile ya chini ndiyo atesta, unampa mtu. Ile ya juu inabaki nyeupe, ina mashimo mashimo tu ya herufi, ukipitisha kidole unazisikia. Hiyo tuliiweka kwenye faili. Kwa hiyo serikali ilikuwa na kabati zima la karatasi zisizosomeka, na kwa jinsi serikali ilivyokuwa wakati ule, hakuna aliyeona tofauti.

Wiki ya kwanza nilikosea. Nilimpa baba mmoja karatasi ya juu, nikafaili ya chini. Mtu mwenyewe hakujua kusoma, akaikunja kwa heshima, akapanda lori la kwenda Kapolowe. Siku ya tatu karudi kutoka kwenye kizuizi cha barabarani, amevimba kwa hasira. "Papa, ku bariere banafungula hii karatasi, banaiangalia, banainigeuzia. Banasema: weye haiko muntu, weye uko pepo!" Nilimwomba radhi mpaka magoti yakaniuma, na Papa Banza alinifanya niandike atesta kumi za kujifunza, zote za jina langu.

Muhuri nao ulikuwa na mambo yake. Wino ulipoisha tulivunja betri za redio zilizokufa, tukasaga ule weusi wa ndani, tukauchanganya na mafuta ya mawese. Ulishika vizuri sana. Ubaya ni kwamba mende waliupenda. Walikuwa wanakula muhuri wa serikali wakiacha karatasi. Ndiyo maana nilimwambia kila mtu: funga kwenye nailoni ya sukari, weka mbali na jikoni. Wengine walisikia.

Na sasa Mama Feli.

Aliingia asubuhi moja ya kiangazi, mwanamke mrefu, mwembamba, kilemba cheupe, mtu wa kanisa la maombi, wale wasiokunywa na wasiodanganya. Alikuwa amehamia Likasi kutoka Kapolowe baada ya kufiwa na mume, anakaa kwa binti yake Feli. Nikamkaribisha kiti, nikauliza kama nilivyofundishwa: karatasi ilipoteaje, mama?

"Haikupotea," akasema. "Najua kwenye iko."

"Iko wapi?"

"Iko na bwana yangu. Mu kaburi."

Akaeleza, wala hakueleza kwa ufupi. Mumewe alikuwa na koti moja zuri, na kwenye mfuko wa ndani wa koti aliweka vitambulisho vyote viwili, chake na cha mkewe, kwa sababu alisema mwanamke atapoteza. Akafa. Wakamvalisha koti. Wakaimba, wakalia, wakamzika. Siku ya saba, katikati ya kunywa chai, Mama Feli akakumbuka mfuko.

"Na hakuna mtu aliyeangalia mfuko?" nikauliza.

"Papa, weye unafiwa, unaanza kupapasa maiti?"

Nikamwambia basi nitaandika "imepotea". Akakataa. Kusema imepotea ni uongo, na yeye ameokoka. Nikamweleza kwamba hii ni atesta ya kupoteza, haiwezekani kupata atesta ya kupoteza kama hujapoteza. Akaniambia hiyo ni shida ya karatasi, si yake. Tulibishana mpaka foleni ikaanza kupiga miluzi. Mwishowe, pale penye "mahali ilipopotelea", nikaandika: imelala pamoja na mumewe, makaburi ya Kapolowe. Papa Banza alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Acha hivyo."

Nilimuuliza Mama Feli kwa nini anajisumbua hivyo, umri ule, kwa ajili ya kura. Alinitazama kama nimemtukana. "Bwana yangu alifanya kazi chini ya udongo miaka yote. Sefu wake wa kazi alichaguliwa na bengine. Nyumba yetu ilichaguliwa na bengine. Hata ile karata ya kijani, alipewa tu mu mukono. Alikufa hajachagua hata muntu wa kumubebea ndoo ya mayi. Minye nitachagua mara moja, kwa bote babili. Kiisha nitaenda kumwambia." Tangu hapo sikumtania tena juu ya kura.

Shida ikawa mashahidi. Shahidi wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa la Kapolowe, aliyekuwa na kitabu cha ubatizo. Alikuja kwa baiskeli, akataja jina lote bila wasiwasi, akaondoka. Wa pili ndiye aliyetutoa jasho. Majirani walikuja, watu sita kwa mkupuo mmoja.

"Munamujua huyu mama?"

"Aka! Sana! Njo yeye huyu, Mama Feli!"

"Jina lake?"

"Mama Feli."

"Jina la kwenye karatasi."

Wakatazamana. Mnajua ilivyo kwetu: mwanamke akizaa, jina lake linaenda likizo. Avenyu nzima ilikuwa imekula ugali wa Mama Feli, imeombewa na Mama Feli, na hakuna hata mmoja aliyejua anaitwaje. Feli mwenyewe alijua, lakini mtoto hashuhudii mzazi. Mzee wa kanisa alikuwa mmoja tu. Akabaki mtu mmoja katika Likasi yote aliyelijua lile jina, kwa sababu alilisoma kwenye barua ya mahari: Selestini, mume wa Feli, fundi umeme wa kule kwenye bwawa la Koni, aliyekuja nyumbani siku za mapumziko tu. Yaani mkwe wake.

Hapo watu wa kwetu wanaosoma haya wameshaanza kucheka. Kwa wengine nieleze. Kwetu mama mkwe hatajwi jina. Humtazami usoni, huketi naye chumba kimoja, mkikutana njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima ya bukwe. Ukiteleza kidogo, unalipa kuku. Ukimtaja jina mbele ya watu, unalipa mbuzi, na aibu yake inakaa muda mrefu kuliko mbuzi.

Selestini alikuja siku yake ya mapumziko, mtu mkubwa, mikono ya kushika nyaya, anayepanda nguzo bila kutetemeka. Aliposikia kinachotakiwa akatoka nje akakaa chini. "Papa Kalenga, shiwezi. Unitume nishike waya ya moto, nitashika. Ile jina, hapana."

"Liandike, basi."

"Mukono yangu haiko mukwe yake?"

Nikaenda kwa Papa Banza nikamwomba alegeze sharti. Hakulegeza. Akasema akimlegezea Selestini leo, kesho wale mabwana wa karanga watakuja kushuhudia kwa ishara. Na siku zilikuwa zinakwisha, maana redio ilikuwa imesema orodha zitafungwa mwisho wa mwezi. Mama Feli alikuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi, ananitazama tu.

Wazo likanijia nikiwa nanyoa ndevu. Nitaandika orodha ya majina kumi ya wanawake, moja likiwa lake. Selestini atasimama nje, nyuma ya dirisha, mgongo kwetu. Nitasoma majina yote kumi, kila moja na namba yake. Yeye atataja namba tu. Hajataja jina, na hakuna aliyemnong'oneza, kwa maana asiyejua jina hawezi kubahatisha moja katika kumi. Papa Banza alifikiri kwa muda wa sigara nzima. Akasema, "Akikosea, hakuna kurudia. Na ukianza kusoma, husimami mpaka mwisho. Ukisimama kwenye jina, umemwonyesha."

Nikakaa kwenye mashini kuandika majina kumi. Nyie mnafikiri ni rahisi. Niliandika shangazi zangu wawili, mkunga aliyemzalisha mke wangu, mwalimu wa katekisimu, wanawake wa sokoni. Asubuhi ile mke wangu alikuwa amenisumbua tangu alfajiri: mama anakuja leo kutoka kijijini, nunua unga, fagia uwanja, mama anakuja, mama anakuja. Vidole navyo vilikuwa vimesikia. Havina heshima, vidole. Na kwa sababu juu ya karatasi hapakuwa na wino, sikuona nilichopiga.

Nikatoa ile ya chini. Mama Feli yuko kwenye kiti chake, Papa Banza mezani, Selestini nje ya dirisha na uso ukutani, kofia mkononi. Korido imejaa watu, maana habari ilikuwa imetembea. Nikaanza kusoma kwa sauti ya serikali.

"Namba moja, Kasongo Numbi. Namba mbili, Kapya Mumba. Namba tatu, Ilunga Kyanza. Namba ine..."

Nikaona. Namba nne ilikuwa Ngoie Masengo. Mama mkwe wangu. Mimi mwenyewe nimemwandika kwa mashini ya serikali.

Papa Banza akainua macho. "Kalenga, kwa nini unasimama? Soma."

Mkifikiri sasa mtasema ningeruka. Ningeruka namba, majina yangekuwa tisa, ushuhuda ungeharibika. Ningeendelea kunyamaza, Selestini angedhani ni hilo, angejibu nne, na Mama Feli angebaki bila jina kwa sababu ya adabu zangu. Nikanong'ona.

Kutoka korido: "Hatusikie!"

"Namba ine," nikasema kwa sauti, jasho likinitiririka, "Ngoie Masengo."

Mwanamke mmoja kule korido, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akapiga ukelele: "Yesu wangu! Papa Kalenga ameita mukwe yake!" Watu wakashika vichwa. Wengine walitoka mbio, na si kwenda mbali, walikwenda kwangu. Mimi nikaendelea, kwa sababu husimami mpaka mwisho. Tano, sita, saba, nane.

"Namba kenda, Mwansa Kilufya."

Pale dirishani mabega ya Selestini yakapanda. Nikasoma kumi. Nikauliza, "Shahidi, mwanamke huyu ni namba gani?"

Aliizungusha kofia mkononi, nami nikaanza kumwomba Mungu. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Kenda."

Mama Feli hakupiga makofi wala nini. Aliangalia sakafu, kilemba kikaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Papa Banza," akasema, "munaona? Kati ya bamama kumi, mukwe wangu amenichagua minye. Basi kura njo hii. Tumeshaanza." Papa Banza alipiga muhuri wa betri na mawese kwa mikono miwili.

Nyumbani nilikuta kesi imeshakaa. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kwenye lori saa sita, na kabla hajaweka kikapu chini ameambiwa mkwewe amemsoma ofisini kwenye orodha ya watu waliopotea. Nilitoa mbuzi. Nilijitetea kutoka uani, mgongo kwake, nikasema ilikuwa kazi ya serikali. Akajibu kupitia kwa mke wangu kwamba serikali nayo ilete mbuzi wake. Bado tunamngoja.

Ile njia ya orodha, lakini, ilibaki. Wakwe wengi walipita dirishani pale, na wanawake wengi walipata majina yao. Mimi nilijifunza kuhakiki orodha kwenye ile karatasi ya chini kabla ya kuisoma.

Kura je? Haikuja. Mwisho wa mwezi ulifika, redio ikasema bado kidogo. Mwaka ukapita, bado kidogo. Vita vikaja, sura kwenye kuta za ofisi zikabadilishwa, hata jina la nchi likabadilishwa, bado kidogo. Papa Banza alifariki akiwa na atesta yake mwenyewe kwenye nailoni ya sukari. Na kila nilipokutana na Mama Feli barabarani alisimama, akaniuliza swali moja tu: "Kalenga, kura ni siku gani?" Niliona aibu, naapa, kama vile mimi ndiye niliyeificha. Nilifika mahali nikiona kile kilemba cheupe naingia kwenye majani, mtu angedhani ni mama mkwe wangu wa pili.

Nilipostaafu niliomba zile karatasi nyeupe za kabatini. Aliyechukua meza yangu alidhani nataka za kufungia karanga, akanipa gunia zima. Niliziweka darini. Mke wangu alizihesabu kama wazimu wa uzee.

Miaka mingi baadaye, asubuhi moja, Mama Feli huyo mlangoni, anatembea na fimbo. Kura imefika kweli. Wanaandika watu shuleni. Akatoa nailoni kutoka kifuani, akaifungua mezani. Jasho la miaka yote lilikuwa limekula kaboni, mende walikuwa wamekula muhuri, na kilichobaki ni mikunjo.

"Kalenga," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza, "kura imefika, na karatasi imeenda."

Nilipanda darini na uzee wangu. Nilitafuta kwa vidole, karatasi baada ya karatasi, macho nimeyafumba, mpaka kidole kikapita kwenye maneno "imelala pamoja na mumewe". Niliiteremsha, nikachukua kaa lililozimika kutoka kwenye mbabula, lile jiko la makaa, nikaipaka taratibu. Karatasi ikawa nyeusi, herufi zikabaki nyeupe. Mwansa Kilufya. Mama Feli aliweka kidole juu ya jina lake, akakiacha hapo. Mimi nililia, sioni sababu ya kuwaficha.

Shuleni, mwandikishaji alikuwa kijana mwenye mashini mpya inayopiga picha. Akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole. "Papa, hii ni makaa. Kesho nami nitapaka makaa nijiite askofu."

"Niliiandika mimi," nikasema. "Namjua. Anaitwa..."

"Aliyeandika karatasi hawezi kuishuhudia," akanikata. Sharti la Papa Banza, neno kwa neno, kutoka kwa mtoto ambaye hakumjua. Sikuweza hata kubisha. Akasimama, akaita foleni nzima: "Nani anamujua huyu mama?"

"Njo Mama Feli!" uwanja mzima.

"Jina la ukweli!"

Wakatazamana. Feli alikuwepo, akafungua mdomo, akaufunga, maana kijana alishamwambia mtoto hakubaliki. Mama Feli alisimama ameshika fimbo kwa mikono miwili. Kijana akaanza kumrudishia karatasi yake.

"Namba kenda!"

Sauti ilitoka nyuma ya kona ya darasa. Mimi na Mama Feli tuliijua papo hapo.

"Nani anasema mambo ya namba?" kijana akauliza. "Nataka jina."

Selestini akatokea kwenye kona, nywele nyeupe, kofia mkononi kama siku ile. Aligeuza uso ukutani. Uwanja wote ulikuwa unamtazama, watu wa kazi yake, watu wa kanisa, wajukuu zake. Akavuta pumzi, akasema kwa nguvu, kila mtu akasikia: "Mwansa Kilufya. Mama ya muke wangu. Mwansa Kilufya wa Kapolowe. Minye namujua."

Hakuna aliyecheka. Mama Feli hakugeuka. Aliweka tu mkono wake mbele ya ile mashini, tayari kwa picha, na kwa sauti kavu kabisa akasema, "Mbuzi." Hapo ndipo uwanja ulipoanguka kwa kicheko.

Mbuzi huyo tulimla siku ya kura, jioni, Selestini upande ule wa nyumba, Mama Feli upande huu, na mimi katikati nikipeleka sahani. Mama Feli alikuwa ameinua kidole chenye wino wa kura tangu asubuhi, hataki kukinawa hata kwa kula. Nilimuuliza amemchagua nani. "Kalenga, kura ni siri," akasema. "Nitamwambia muntu mumoja tu."

Alikwenda kumwambia mwaka uliofuata. Walipomvalisha nguo za kuzikwa, Feli alipapasa mifuko yote, maana familia ile ilikuwa imeshajifunza, akaikuta ile karte ya kura kifuani, kwenye nailoni ya sukari. Akaishika, akatutazama. Selestini, kutoka nje ya dirisha, mgongo kwetu, akasema, "Uiache."

Basi nyie mnaozikalia. Mwaka jana waliondoa wafu kwenye orodha, kijana mmoja akaja kuuliza nyumba kwa nyumba karte ya Mwansa Kilufya iko wapi, aandike kwamba imepotea. Nilimwambia afute neno hilo. Haikupotea. Najua iliko.